Hivi kwa nini bendi ikipiga ska watu wanakaa, ikigeukia reggae ukumbi mzima unasimama?

#1 Pweza_wa_Mbweni (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Jumamosi nilikuwa kwenye ukumbi mmoja pande za Msasani, usiku wa ska na reggae, laivu, hakuna DJ. Bendi ya watu tisa: dramu, besi, magitaa mawili, kinanda, mwimbaji, halafu tarumbeta, saksafoni na tromboni. Nikasema leo ni leo.

Saa tatu wakaanza na ska. Wale vijana wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama, muziki unakimbia, miguu yangu inajichezea yenyewe chini ya meza. Nageuka nyuma, watu wamekaa na chipsi zao. Wimbo ukiisha wanapiga makofi ya heshima, basi. Kwenye saa nne na nusu bendi ikatulia kidogo, mpiga dramu akabadilisha mapigo, ikaingia besi ile ya kuburuza. Reggae. Mwimbaji hata hajafungua mdomo, nusu ya ukumbi iko juu. Macho yamefumbwa, mikono hewani, dada mmoja kaacha viatu chini ya meza kaenda kucheza peku.

Ninavyojua mimi ska ndiyo iliyoizaa reggae. Kisiwa kile kile cha Jamaika, gitaa linakata vile vile, na mwanzoni hata wapigaji walikuwa wale wale. Imekuwaje mtoto tumempokea kwa mikono miwili na mama hatumjui? Na Wajamaika wenyewe, kwa nini waliuacha muziki mtamu vile wakapunguza mwendo?

Wajuzi karibuni.

#2 shemeji_wa_taifa

Bila picha ya huyo dada wa peku hii ni chai.

#3 Mzee_Kanda_Mbili

Jibu ni jepesi: hatukuisikia. Ska ilitamba kwao tangu mwishoni mwa miaka ya 50 hadi 1966 hivi. Miaka hiyo huku kwetu watu wanahangaika na rumba ya Kongo, cha-cha-cha na twist, NUTA Jazz ndiyo kwanza imeundwa 1964. Santuri za Jamaika zilikuwa zikienda Uingereza walikohamia ndugu zao. Dar zije kumtafuta nani?

Reggae imetukuta na kaseti. Mtu mmoja akirudi safari na kanda ya Marley, wiki mbili mtaa mzima unayo, imerudufiwa mpaka sauti inasikika kama mwimbaji yuko kisimani. Muziki unaomwinua mtu kwenye kiti ni ule uliomkuta akiwa na miaka kumi na tano. Hao waliosimama Jumamosi waliukumbuka ujana wao, hakuna kingine.

#4 Rasta_wa_Makumbusho

Mzee #3 heshima kwako, ila hiyo ni nusu. Kaseti za Boney M nazo zilirudufiwa, mbona hakuna aliyefuga nywele kwa ajili yao?

Reggae ilikuja na neno. Aprili 1980 Bob alikuwa Harare, uwanja wa Rufaro, usiku ule bendera ya Mwingereza inashushwa na ya Zimbabwe inapanda. Sisi tulikuwa nchi ya mstari wa mbele, vita vile vilikuwa vyetu. Mtu asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji alijua yule rasta anasema nini. Ska ilikuwa muziki wa kufurahia, mwingi wake hauna hata maneno, ni matarumbeta tu. Utasimama kwa ajili ya nini? Ndiyo maana Bob alipoianzisha reggae dunia ikamwelewa.

#5 Ticha_wa_Historia

Rasta, niruhusu.

Mwaka 1980 jiji lile lilikuwa bado linaitwa Salisbury. Jina la Harare lilikuja 1982.

Bob hakuianzisha reggae. Wimbo unaotajwa kuwa wa kwanza kubeba jina hilo ni wa Toots na Maytals, 1968. Bob na wenzake walikuwamo kwenye mkumbo huo, ila hata yeye alianza na ska. Kundi lake la Wailers lilitamba mara ya kwanza 1964 na "Simmer Down", ska tupu, studio ya Coxsone Dodd, nyuma wakipigiwa na wale waliokuja kuwa Skatalites, bendi kubwa ya ska. Na ule ulikuwa na ujumbe: unawaambia vijana wa mitaani wapoe, waache fujo.

Halafu hili ndilo linaloiumiza hoja yako. "One Love" mnayoijua wote, ile ya 1977, ilirekodiwa kwanza 1965 ikiwa ska. Mtunzi yule yule, kiitikio kile kile. Kama ni ujumbe, basi ya 1965 nayo ingeinua ukumbi. Nendeni mkaitafute muisikilize, mtaona mnavyobaki kwenye viti.

#6 Rasta_wa_Makumbusho

Ticha kaja na chaki na fimbo 😂

Sawa, Salisbury. Lakini umenisaidia bila kujua. Neno lile lile kwenye mwendo wa kukimbia halikai, kwenye mwendo wa kutembea linakaa. Huwezi kumhubiria mtu anayekimbia.

#7 besi_nzito

Napita nikiwa mpigaji. Nyimbo za harusi, za baa, za mahoteli, zote nimezipiga, na hizi mbili pia.

Mnabishana historia wakati jibu liko kwenye dramu. Hesabu moja mbili tatu nne. Kwenye ska dramu linagonga mbili na nne, gitaa na kinanda vinakata katikati ya kila hesabu, na besi inatembea noti baada ya noti bila kupumzika, kijazi-jazi. Hakuna tundu. Mtu asiyeizoea hapati pa kuingilia, akijaribu anajikuta anaruka tu na baada ya nyimbo mbili amechoka.

Reggae, ile wanayoiita "one drop", moja inaachwa tupu. Hakuna kitu. Pigo zito linaangukia tatu, kiki na snea pamoja. Besi nayo inaongea, inanyamaza, inaongea. Ule ukimya ndio unaomvuta mtu, mwili unaujaza wenyewe bila kufundishwa. Ndiyo maana hata mlevi asiyejua kucheza anacheza reggae vizuri. Carlton Barrett wa Wailers alikuwa bingwa wa kuacha nafasi, na kaka yake Aston anaijaza kwa besi. Sikilizeni hao ndugu wawili, mwimbaji muacheni kando kwanza.

La mwisho: saa tatu usiku Dar hakuna anayecheza. Ungemfufua Franco saa tatu angepigiwa makofi ya heshima vile vile.

#8 Pweza_wa_Mbweni

@besi_nzito hiyo ya saa imenigusa. Lakini sebene nayo haina tundu, inakimbia kuliko ska, na watu wanasimama hata saa mbili.

#9 besi_nzito

Sebene umezaliwa nayo. Tena sebene ina rapa anayekuambia ufanye nini, mguu huu, kiuno hiki. Ska hakuna anayekuelekeza.

#10 Mama_K_wa_Sinza

Habari zenu. Naona naongelewa.

Huyo dada wa viatu ni mimi. Vilikuwa vinabana.

Sasa nisahihishe, maana nilikuwepo na sikuwa nakunywa. Si kweli kwamba wote walikaa wakati wa ska. Meza mbili za mbele walicheza, kuna mzee mmoja wa kama miaka sabini alicheza twist safi kabisa mpaka bendi ikamshangilia. Waliokaa ni sisi wa nyuma, na sababu yetu ilikuwa spika. Maiki za matarumbeta zilikuwa zinapiga miluzi, besi haisikiki, kilichotufikia nyuma ni kelele ya juu tu chini ya bati. Walipofika kwenye reggae fundi mitambo akawa ameshaamka, akapandisha besi, kifua kikatetemeka. Ningekaa vipi?

Kwa hiyo mnachambua Jamaika wakati tatizo lilikuwa kijana aliyekuwa anachati kwenye mikisa.

#11 shemeji_wa_taifa

Shikamoo dada wa viatu. Uzi umepata shahidi, sasa naweka kambi.

#12 NaiBoy_Eastlando

Sasa wasee wa Bongo. Hapa Nairobi reggae si muziki, ni dini. Jumapili unapata mathree zinapiga reggae mpaka town, makanga wanajua majina ya waimbaji kuliko majina ya stage. Lakini ukiuliza ska mtu anakuangalia tu.

Theory yangu ni tofauti. Sisi hatukuihitaji ska kwa sababu tulikuwa na yetu. Miaka ile ile ya 60, Daudi Kabaka na Equator Sound walikuwa wanapiga African Twist hapa hapa Nairobi. Sikiliza "Helule Helule" halafu usikilize ska ya 1964. Magitaa yanakatakata, mwendo wa kurukaruka, vijana wa mji wamevaa suruali za kubana. Na ilikuwa moto mpaka kikundi cha Uingereza, Tremeloes, wakairekodi 1968 ikaingia chati za huko. Hiyo nafasi ya mziki wa kuruka ilikuwa imejaa. Reggae ilipokuja, mziki wa polepole wenye hasira hatukuwa nao, ikapata kiti.

#13 Mzee_Kanda_Mbili

@NaiBoy_Eastlando hapo umenena. Huyo mzee wa miaka sabini aliyecheza twist ni ushahidi wako. Twist ya Kabaka ilichota pia kwenye kwela ya Afrika Kusini, zile filimbi, na ukiisikiliza kwela na ska unaweza kudhani ni majirani.

Ongezeni na hili: huku kwetu serikali nayo ilikuwa na mkono. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar, ikasemwa unaharibu vijana. Muziki wa kigeni wa kurukaruka ulikuwa unaangaliwa kwa jicho baya.

#14 Ticha_wa_Historia

Marufuku ile ilikuwa Novemba 1969, na ililenga soul. Kufikia hapo ska ilikuwa imeshakwisha hata Kingston, wenyewe wameshapita rocksteady, ule muziki wa kati ya ska na reggae, wako kwenye reggae. Huwezi kumzuia mgeni aliyekwisha kufa. Hoja ya NaiBoy ina nguvu zaidi, japokuwa nayo ina tundu: twist ilijaa kote duniani, na bado Mwingereza alikuwa na nafasi ya ska. "My Boy Lollipop" ya Millie Small, 1964, ilifika namba mbili Uingereza na namba mbili Marekani.

#15 kijana_wa_Tandika

Jamani samahani kwa ushamba. Si ska ni ya Waingereza? Wale Madness, suti nyeusi na vile vibox vyeusi vyeupe.

#16 Mbeba_Boksi_Coventry

Kijana, umekuja mlangoni kwangu, naishi Coventry.

Hiyo unayoijua wewe ni ya pili. Mwaka 1979 Jerry Dammers wa hapa alianzisha lebo ya 2 Tone na bendi yake The Specials, vijana weusi na weupe jukwaa moja, viwanda vinafungwa, ajira hakuna, wabaguzi mitaani. Wakaichukua ska ya Jamaika ya miaka ya 60 wakaipiga kwa haraka na hasira ya punk. Madness ni wa London, na jina lao wamelitoa kwenye wimbo wa Prince Buster, Mjamaika. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa wa kumshukuru yeye. Hata yule mtu mweusi na mweupe wa kuchorwa kwenye nembo ya 2 Tone, mwenye suti na miwani, alichorwa kutokana na picha ya Peter Tosh, mwenzake Bob, kwenye jalada la santuri ya Wailers. Rasta wa Makumbusho asome hapo mara mbili: Peter Tosh, suti, tai nyembamba, nywele fupi.

Na Rasta, kuhusu ujumbe: 1981 The Specials walikuwa namba moja na "Ghost Town" wakati miji ya Uingereza inaungua kwa ghasia. Tromboni mle ndani ni ya Rico Rodriguez, mzee wa Kingston.

#17 Rasta_wa_Makumbusho

Nimesoma mara mbili. "Ghost Town" ni ya polepole mkuu, mapigo yake ni ya reggae. Walipotaka kusema jambo zito walipunguza mwendo. Asante kwa kunipigia goli.

#18 Mbeba_Boksi_Coventry

😂😂 Hapo sina la kusema, nenda.

#19 Pweza_wa_Mbweni

Uzi mtamu. Ila swali langu la pili mmelikimbia. Kwa nini wenyewe walipunguza mwendo?

#20 Mzee_Kanda_Mbili

Joto. Hilo nimelisikia miaka mingi. Kiangazi cha 1966 Jamaika kilikuwa kikali mno, watu kwenye madansi wanashindwa kuruka, wakawaomba wapigaji wapunguze. Ndiyo ikatoka rocksteady.

#21 besi_nzito

Mzee hiyo ya joto kila mtu anaisema na mimi siiamini hata kidogo. Jamaika ilikuwa baridi 1965? Dar Februari watu wanacheza mchiriku kwenye vumbi, hakuna aliyeomba ipunguzwe.

Ni hela. Skatalites waliundwa 1964, watu karibu kumi, wapulizaji tele. Wapulizaji ni ghali. Kufikia katikati ya 1965 kundi limevunjika. Don Drummond, mpiga tromboni na mtunzi wao mkubwa, alimuua mpenzi wake Margarita, mcheza dansi maarufu, Januari 1965. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Bellevue, akafia huko 1969. Mwenye studio akabaki anajiuliza: nilipe watu wanne wa kupuliza au niweke waimbaji watatu wa kuitikia na kinanda? Matarumbeta yakapungua, besi ya umeme ikachukua nafasi ya lile besi kubwa la kusimama, na besi ya umeme inasikika noti moja moja, haina haja ya kutembea mfululizo. Mwendo ukashuka wenyewe.

#22 Ticha_wa_Historia

Kuna wanaomtaja Lynn Taitt, mpiga gitaa wa Trinidad. Mwimbaji Hopeton Lewis alikuwa anarekodi naye "Take It Easy" mwaka 1966, maneno hayaingii kwenye mwendo wa ska, ikabidi wapunguze. Waliposikiliza wakapenda. Kwa maelezo hayo hakuna joto wala uchumi, ni mwimbaji mmoja aliyeshindwa kukimbia.

Na kuna maelezo ya nne: wale vijana wa mitaani, rude boys. Uhuru ulikuja Agosti 1962, ska ikawa sauti ya furaha yake. Miaka mitatu minne baadaye vijana waliojazana Kingston kutoka shamba hawana kazi, visu vinatembea madansini. Kijana wa namna ile haruki, anasimama na kujitikisa kidogo, anaangalia mlango. Muziki ukafuata mwili wake.

#23 Rasta_wa_Makumbusho

Na la tano mmelisahau wote. Tarehe 21 Aprili 1966 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia anayeabudiwa na marasta, alitua Kingston. Uwanja wa ndege ulifurika marasta mpaka itifaki ikavunjika. Kuanzia hapo ngoma za kirasta, za taratibu za mapigo ya moyo, hazikujificha tena vilimani.

#24 Ticha_wa_Historia

Ngoma zile zilikuwa kwenye muziki kabla ya hapo. Count Ossie na kundi lake walipiga kwenye "Oh Carolina" ya Folkes Brothers, Prince Buster akiwa ndiye mtayarishaji, mwanzoni kabisa mwa miaka ya 60. Hata Lloyd Knibb, mpiga dramu wa Skatalites, aliokota mambo mengi kwa wazee hao. Kwa hiyo ngoma za kirasta ziko hata ndani ya ska inayokimbia.

#25 kijana_wa_Tandika

Kwa hiyo ni joto, hela, mwimbaji mzito, wahuni au mfalme. Mimi nachagua wahuni.

#26 Mjukuu_wa_Beni

Asalaam aleikum ndugu zangu, niko Mombasa. Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, nashangaa mnavyoongea kama vile matarumbeta si yetu.

Pwani yote hii, kuanzia Lamu hadi Dar, mababu zetu walicheza beni, ngoma ya kuigiza bendi za kijeshi, tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Dar kulikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti, wakishindana kwa mavazi na kwa vifaa hadi watu wafilisike. Mtu wa pwani akisikia shaba inapulizwa kwa mwendo wa kwata, damu inamwenda mbio. Kwa hiyo mimi siamini eti ska ni ngeni masikioni mwetu. Labda ninyi watu wa Msasani ndio mmesahau.

#27 shemeji_wa_taifa

Sheikh, hata leo yapo. Jumamosi simama Morogoro Road uone pikapu ya harusi, jamaa wamejipanga nyuma na matarumbeta na dramu, bibi harusi katoa kichwa dirishani. Hiyo ndiyo ska ya Bongo, tena bila kiingilio.

#28 Mama_K_wa_Sinza

@shemeji_wa_taifa leo umeongea la maana kwa mara ya kwanza. Na pale tunacheza! Mama wa miaka hamsini anashuka kwenye Noah anacheza katikati ya barabara, foleni imesimama, askari wa usalama anacheka. Mwendo ule ule wa kukimbia, matarumbeta yale yale. Kwa hiyo besi_nzito na hesabu zako za tundu, nielezee hapo.

#29 besi_nzito

Pale unacheza harusi, huchezi muziki. Hata wangepiga debe ungecheza.

#30 Mama_K_wa_Sinza

Basi na Jumamosi ile tungeambiwa ni harusi.

#31 Mbeba_Boksi_Coventry

Mmenikumbusha jambo. Karibu nusu ya wapulizaji wakubwa wa ska walitoka shule moja, Alpha, Kingston, shule ya masista wa Kikatoliki ya wavulana wenye shida. Don Drummond, Tommy McCook, Johnny Moore, Lester Sterling, Rico, wote walipita pale, wakifundishwa kwa nidhamu ya bendi ya kijeshi. Sista Mary Ignatius mwenyewe alikuwa na mkusanyiko wa santuri na mitambo yake ya disko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini ska haikuota Tanzania, ulizeni kwanza: hao vijana watatu wa Msasani kupuliza wamejifunza wapi?

#32 besi_nzito

Nawafahamu kwa sura. Mmoja ni wa bendi ya majeshi, wawili wamelelewa na matarumbeta ya KKKT. Hapa kwetu mpulizaji ukimtafuta utamkuta kwenye sare au kanisani, ndiyo maana bendi nyingi za reggae zinaweka sauti ya tarumbeta kwenye kinanda. Inafanana, lakini haipumui. Reggae unaweza kuipiga bila mpulizaji hata mmoja ikaitwa reggae. Ska bila wapulizaji inabaki gitaa linalokimbizwa. Labda hilo ndilo jibu la uzi wote: reggae ilikuwa rahisi kuipiga na watu wanne wenye hela ndogo. Justin Kalikawe wa Bukoba, Jah Kimbute, hao wote wangeanzia wapi kama sharti lingekuwa tromboni?

#33 NaiBoy_Eastlando

Hiyo ya rahisi naikataa bro. Lucky Dube alikuwa na bendi kubwa, waitikiaji, kinanda mbili, na ndiye aliyewaingia watu wa huku kuliko hata Bob. Yeye alitoka mbaqanga, mziki wa kwao wa kukimbia, akaenda reggae katikati ya miaka ya 80. Kama mwendo wa kasi ungekuwa unalipa asingehama.

#34 Mzee_Kanda_Mbili

Na biashara msiisahau. Chris Blackwell wa lebo ya Island ndiye aliyemsimamia Millie 1964, na ndiye aliyewachukua Wailers 1972. Santuri yao ya kwanza kwake, ya 1973, aliiongezea gitaa la mpigaji wa Marekani ili mzungu wa rock ainunue. Ska ilipelekwa maonyesho ya New York 1964 na serikali yao wenyewe, wakamtuma Byron Lee na bendi ya hotelini, Skatalites wakaachwa nyumbani. Muziki mmoja ulipata mwenye duka anayejua kuuza, mwingine ukapata serikali.

#35 Rasta_wa_Makumbusho

Serikali ikigusa muziki, umekwisha. Hapo mzee nakuunga mkono bila masharti.

#36 kijana_wa_Tandika

Samahani kutoka nje ya mada. Mdogo wangu wa darasa la sita anataka kujifunza tarumbeta, aanzie wapi?

#37 besi_nzito

Usharika wowote wa KKKT wenye kikundi cha matarumbeta, muulize kiongozi wao, wengi wanapokea watoto. Aanze na midomo na pumzi kabla hujanunua chombo. Na majirani waandae mapema.

#38 shemeji_wa_taifa

Akimaliza aje Morogoro Road, pikapu ipo.

#39 Pweza_wa_Mbweni

Nashukuruni wakuu, sikutegemea kufika hapa. Nimeongea na meneja wa ukumbi leo. Anasema usiku ujao atawaambia waanze na reggae, ska waiweke saa sita watu wakiwa wameshachangamka. Tutaona kama ni ska au ni saa.

#40 Ticha_wa_Historia

Ukiiweka saa sita utakuwa umepima pombe, hujapima ska. Jaribio la haki: wapige reggae saa tatu, na fundi mitambo awe macho tangu wimbo wa kwanza.

#41 Mama_K_wa_Sinza

Saa tatu mimi bado niko Mwenge kwenye foleni.

#42 besi_nzito

Na mpulizaji wa jeshi saa sita anatakiwa kambini. Hilo meneja kaliuliza?